Kuchagua Bastola ya .22 ya Kulenga Makopo na Kuwinda Kindi

Mwongozo huu ni kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi Marekani, hasa katika majimbo yenye misitu kama Kentucky ninakoishi mimi, ambako kuwinda kindi ni desturi ya vizazi na jirani huenda akakualika porini kabla hujamaliza mwaka wa kwanza. Aliyekulia Kenya, ambako uwindaji wa burudani umepigwa marufuku tangu 1977, hufika hapa bila kujua hata jina la kifaa anachokihitaji, na mara nyingi hununua kile kinachong'aa zaidi kwenye kabati la kioo. Mimi nilifanya hivyo. Nilinunua bastola ndogo yenye mtutu mfupi wa inchi tatu na nusu, nikamaliza katoni tano za risasi nikidhani kwamba kosa lote ni la mkono wangu, mpaka mzee mmoja kwenye uwanja wa shabaha aliponiazima bastola yake ya zamani ya kampuni ya Ruger, nikapiga kopo lile lile mara nane katika risasi kumi. Mkono ulikuwa ule ule, na kilichobadilika ni chuma.

Ninalotaka kukuambia ni kwamba usahihi wa bei nafuu unatokana na mambo matatu ambayo unaweza kuyachunguza dukani kabla ya kufyatua risasi hata moja: mtutu uliokazwa imara, vilengeo (zile alama mbili za kulengea zilizo juu ya bastola) visivyosogea, na kifyatulio, kile kidole cha chuma unachokivuta, kinachoachia kwa wepesi bila kukwaruza. Kinachozidi hapo ni pambo, na fedha ya pambo ni heri uinunulie risasi za mazoezi.

Hatua ya kwanza: Hakikisha sheria inakuruhusu

Anza hapa, hata kama moyo unakimbilia dukani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inamkataza muuzaji mwenye leseni kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21, na inamkataza pia kumkabidhi bastola mkaazi wa jimbo jingine. Ukiipenda bastola iliyo Ohio nawe unaishi Kentucky, itabidi itumwe kwa muuzaji mwenye leseni wa jimboni kwako. Utajaza fomu namba 4473, kisha jina lako litapitishwa katika mfumo wa ukaguzi wa haraka unaoendeshwa na FBI tangu 1998.

Mkaazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi, anaruhusiwa kununua kama raia, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya kazi, kwa kawaida hakubaliwi isipokuwa kwa vighairi vichache. Usitegemee maneno ya rafiki wala ya mwenye duka katika jambo hili. Muulize wakili wa uhamiaji, kwa sababu asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kurudishwa alikotoka hata kama ana grini kadi. Fomu hiyo inauliza pia kuhusu bangi, na sheria ya shirikisho bado inamkataza mtumiaji wa bangi kumiliki silaha hata pale jimbo lenyewe lilipoihalalisha. Vilevile ni kosa kubwa la jinai kutia saini kwamba wewe ndiye mnunuzi halisi huku ukimnunulia mtu mwingine kwa fedha yake, na hapa undugu hautakuokoa.

Majimbo yana masharti yao juu ya hayo. Kentucky haidai kibali cha kununulia, ilhali Illinois inadai kadi ya mwenye silaha, New Jersey inadai kibali kwa kila bastola, na New York inadai leseni. Ndugu walioko Kanada, ambako uuzaji wa bastola kwa watu binafsi ulisitishwa Oktoba 2022, hawatapata msaada katika maelezo yanayofuata.

Hatua ya pili: Kubali kalibri ya .22 Long Rifle, usiendelee kutafuta

Kalibri ni kipimo cha unene wa risasi. Risasi hii ya .22 Long Rifle ilitolewa na kampuni ya Stevens mwaka 1887 na hadi leo haijapata mshindani kwa kazi hizi mbili. Kichwa chake huwa na uzito wa gramu 2.6 hivi, mlio wake ni mdogo, na bastola hairuki mkononi, kwa hiyo mwanafunzi hajifunzi tabia mbaya ya kufumba macho na kusukuma mkono mbele kabla ya mlio. Kwa bei ya kawaida risasi moja hugharimu kati ya senti 6 na senti 10, yaani chini ya nusu ya risasi ya milimita 9, na tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kama utafanya mazoezi kila wiki au mara mbili kwa mwaka. Risasi ya milimita 9 ikimpata kindi haikuachii nyama ya kupika. Ile .22 Magnum, iliyo ndefu na yenye nguvu zaidi, ni nzuri kwa wanyama wakubwa kidogo, lakini bei yake ni maradufu na zaidi, na mlio wake kutoka kwenye mtutu mfupi unaumiza masikio.

Jua pia udhaifu wake. Dawa ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini hufyatua kwa kuuponda ukingo huo. Dawa isipoenea sawasawa, risasi hukataa kulia. Ikikataa, usigeuze mtutu kuitazama. Elekeza mtutu kwenye tuta la udongo linalozuia risasi kwa nusu dakika kabla ya kuitoa.

Hatua ya tatu: Elewa kwa nini mtutu na vilengeo ni muhimu kuliko jina la kampuni

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua bastola mbili. Ya kwanza ina sentimita 20 kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, na ya pili ina sentimita 12.5. Mkono wako ukitetemeka kiasi kwamba kilengeo cha mbele kinatoka mahali pake kwa milimita moja tu, risasi ya bastola ya kwanza itakosea kwa sentimita 10 ikiwa lengo liko mita 20, na ya pili itakosea kwa sentimita 16. Ubora wa chuma hauingii katika hesabu hiyo hata kidogo. Ni umbali kati ya vilengeo tu. Kwenye kopo la soda, kosa la milimita moja linakukosesha kwa bastola zote mbili, lakini la robo milimita linakupa kopo kwa ile ndefu na kukuacha ukingoni mwa kopo kwa ile fupi. Ndiyo maana ninapendekeza mtutu wa inchi tano na nusu hivi. Ukizidi inchi saba, bastola inaanza kuwa nzito mbele na kusumbua kwenye ala ya mkanda.

Jambo la pili ni mahali vilengeo vilipokaa. Bastola nyingi za kisasa za .22 zinazofanana na bastola za askari, kama Ruger SR22 na Walther P22, zina kilengeo cha nyuma juu ya kifuniko kinachorudi nyuma na kwenda mbele kila risasi inapotoka. Kifuniko hicho hakirudi mahali pale pale kwa uhakika kamili, na kila tofauti ndogo ya kurudi inaonekana kwenye karatasi. Ni bastola za kufurahisha kwa makopo ya mita kumi, na kwa mtu anayetaka hilo tu sina neno. Lakini katika Ruger Mark IV mtutu umekazwa kwenye mwili, vilengeo vyote viwili havisogei, na kinachotembea ni kipande cha chuma kilicho ndani ya mwili. Browning Buck Mark imefika pale pale kwa njia nyingine: kilengeo cha nyuma kimewekwa kwenye daraja la chuma lililofungwa kwenye mwili, na kifuniko kifupi kinapita chini yake.

Jambo la tatu ni kifyatulio. Kikiwa kizito, au kikiwa na safari ndefu yenye mikwaruzo, kinausukuma mtutu pembeni wakati ule ule ambapo unataka utulie. Vuta taratibu: unapaswa kuhisi ukinzani ukiongezeka mahali pamoja, kisha uachie ghafla, kama kijiti kikavu kinapovunjika.

Hatua ya nne: Chagua kati ya bastola ya magazini na rivolva

Bastola ya magazini, yaani kile kikasha cha risasi kinachochomekwa kwenye mshikio, hujipakia yenyewe na hukupa usahihi zaidi kwa kila dola. Rivolva ya bei nafuu ina silinda inayozunguka yenye vyumba sita vya risasi, na kila chumba lazima kijipange sawasawa na mtutu; katika rivolva za gharama kama Smith & Wesson 617 vyumba hujipanga vizuri sana, lakini hiyo bei yake inakaribia dola elfu moja na haimo katika hesabu zetu. Faida ya rivolva ni kwamba haichagui risasi, kwa kuwa haitegemei nguvu ya risasi kujipakia, na ile ya kupandisha nyundo kwa kidole gumba inamlazimisha anayeanza kufikiri kabla ya kila risasi. Kwa kijana anayefundishwa na mzazi wake ningeanza na rivolva bila kusita. Kwa kuwinda ningechagua ya magazini.

Haya ndiyo majina ninayoyapendekeza, pamoja na bei za kukadiria za bastola mpya, ambazo hutofautiana na msimu na duka.

Ruger Mark IV ni kizazi cha bastola ambayo Bill Ruger alianza kuiuza mwaka 1949 kwa dola 37.50, na kwa maoni yangu ndiyo chaguo la kwanza. Chukua toleo lenye mtutu mnene wa inchi tano na nusu na kilengeo cha nyuma kinachorekebishwa, kwa sababu lile la kawaida lina vilengeo visivyorekebishika. Toleo la 22/45, lenye mshikio wa plastiki, mara nyingi hupatikana kwa dola 350 hadi 450, na lile la chuma kitupu huongeza dola mia moja au zaidi. Matoleo ya zamani yalijulikana kwa kuwatesa watu wakati wa kuyaunganisha baada ya kuyasafisha, lakini tangu 2016 Mark IV hufunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Ukinunua iliyotumika, angalia tarehe: mwaka 2017 kampuni yenyewe iliziita zirudi zote zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Juni mwaka huo, kwa sababu kufuli ya usalama ikiachwa katikati na kifyatulio kikavutwa, bastola ingeweza kulia wakati kufuli inaposogezwa. Namba ya bastola itakuonyesha kama imekwisha kurekebishwa.

Browning Buck Mark, iliyoingia sokoni mwaka 1985, huuzwa kwa dola 400 hadi 500, na kifyatulio chake kikitoka kiwandani ni kizuri kuliko cha Ruger. Kuifungua kunahitaji bisibisi ya kutoa lile daraja la kilengeo, na skrubu hizo hulegea, kwa hiyo zikague kila baada ya mazoezi. Smith & Wesson SW22 Victory, ya mwaka 2016, iko kwenye bei hiyo hiyo, na mtutu wake hubadilishwa kwa kulegeza skrubu moja. Zote tatu ni sahihi kuliko watumiaji wake wengi. Ishike kila moja, na ile inayoelekea lengo yenyewe unapofumba macho, ukainua mkono na kufumbua, ndiyo yako.

Kwa mwenye dola 200 tu, Ruger Wrangler ya mwaka 2019 ni rivolva imara ya risasi sita, na Heritage Rough Rider ni ya bei ndogo zaidi. Vilengeo vya Wrangler ya kawaida havirekebishiki, kwa hiyo inaweza kupiga chini au kushoto kwa risasi fulani, na dawa ni kujaribu risasi za aina nyingine mpaka upate inayopiga pale unapolenga. Ruger Single-Six iliyotumika, ikipatikana kwa bei ya haki, ni bora kuliko zote mbili. Iliyotengenezwa kabla ya 1973 na ambayo haijarekebishwa ibebwe na chumba kilicho chini ya nyundo kikiwa tupu, kwani pigo kwenye nyundo linaweza kuifyatua.

Hatua ya tano: Ikague kabla ya kulipa

Mwombe muuzaji aifungue, kisha thibitisha mwenyewe kwa jicho na kwa kidole kwamba chumba cha risasi ni kitupu. Elekeza mtutu chini au ukutani, kamwe usiuelekeze kwa mtu. Omba ruhusa kabla ya kuvuta kifyatulio, kwa kuwa katika baadhi ya bastola za .22 pini hugonga ukingo wa chumba kitupu na kuuharibu. Muuzaji makini atakuwa na risasi bandia za plastiki kwa kazi hiyo.

Kwa bastola iliyotumika, kagua mambo manne. Tazama mdomo wa mtutu kwa mwanga: ukingo wake wa ndani uwe mviringo safi bila pengo, kwa kuwa hapo ndipo mahali pa mwisho panapogusa risasi. Pitisha mwanga ndani ya mtutu. Ukiona pete nyeusi mahali pamoja, huenda mtutu umevimba kwa risasi iliyokwama, na hiyo uiache. Tazama ukingo wa chumba kama una alama ya pini. Kwa rivolva, pandisha nyundo na ujaribu kuisukuma silinda huku na huku: kucheza kidogo ni kawaida, kutikisika si kawaida.

Bei ya bastola haiishii kwenye bastola. Tenga fedha ya miwani ya kinga, vizibo vya masikio, magazini mbili za ziada, brashi na mafuta, na kasha la chuma lenye kufuli. Kasha hilo si la hiari katika nyumba yenye watoto au yenye wageni, na sisi nyumba zetu hazikosi wageni. Risasi zifungiwe mahali pengine.

Hatua ya sita: Itafutie risasi inayoipenda

Bastola za .22 zina uchaguzi wa ajabu. Mbili zinazofanana, zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja, zinaweza kupenda risasi tofauti. Nunua katoni moja moja za aina nne au tano, na miongoni mwake pawe na zile za kasi ya kawaida, ambazo hubaki chini ya mwendo wa sauti na mara nyingi hulenga vizuri zaidi, pamoja na zile za kasi kubwa kama CCI Mini-Mag, ambazo huzisukuma kwa uhakika sehemu zinazotembea. Kaa kwenye benchi, egemeza mikono juu ya mfuko wa mchanga, weka karatasi umbali wa mita 23, yaani yadi 25, kisha piga risasi tano za kila aina kwenye duara lake. Acha risasi chache za kwanza za kila aina zisihesabiwe, kwa sababu mtutu bado una mabaki ya nta na risasi ya aina iliyotangulia. Pima kwa rula umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Bastola niliyoitumia mwaka uliopita ilinipa sentimita 9 kwa aina moja na sentimita 4 kwa nyingine, na aina iliyoshinda haikuwa ya bei kubwa.

Ukishaipata, nunua nyingi kwa mkupuo mmoja. Waliokuwapo mwaka 2013 na tena 2020 wanakumbuka jinsi rafu zilivyokuwa tupu miezi kadhaa.

Hatua ya saba: Pima umbali wako wa kuwinda

Benchi hupima bastola. Sasa upimwe wewe. Kindi hupigwa kichwani, ili afe papo hapo na nyama isiharibike, na sehemu hiyo ni kama duara la sentimita 4. Chora duara hilo, simama umbali wa mita 10 ukiwa umeegemea mti au umekaa ukiegemeza mikono magotini, kama utakavyofanya porini, na upige risasi tano. Zikiingia zote, rudi nyuma mita mbili. Endelea hivyo mpaka risasi moja itoke nje. Umbali wa mwisho ambapo zote tano ziliingia ndio umbali wako wa kuwinda, na usimfyatulie mnyama aliye mbali zaidi ya hapo, hata kama mwenzako anasema inawezekana. Mimi ilinichukua majira mawili ya mazoezi kutoka mita 11 hadi mita 18. Kindi aliyejeruhiwa huingia katika tundu la mti na kufia humo, na hilo ni jambo la kumhuzunisha mtu yeyote aliyelisababisha.

Kabla ya kuingia porini hapa Kentucky unahitaji leseni ya kuwinda, na ikiwa ulizaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye, cheti cha mafunzo ya uwindaji. Msimu wa kindi hufunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti, na mwisho ni kindi sita kwa siku. Sungura nao wana msimu wao. Njiwa wa porini na bata ni ndege wahamao, na sheria ya shirikisho inakataza kuwapiga kwa bastola katika jimbo lolote. California, tangu Julai 2019, inakataza kuwinda kwa risasi zenye madini ya risasi.

Porini, mpige kindi akiwa ameshikamana na shina la mti au akiwa chini penye mlima wa udongo nyuma yake, kamwe asiwe juu ya tawi jembamba huku mbingu ikionekana nyuma. Risasi hii ndogo inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, na ng'ambo ya msitu kuna nyumba. Ukirudi, nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula, na ukate nyama yote iliyozunguka jeraha, kwa kuwa vumbi la madini ya risasi hubaki humo.

Umbali wako uupime upya kila mwaka mwanzoni mwa Agosti, kwa risasi zile zile utakazobeba, na uuandike kwa penseli ndani ya kifuniko cha kasha.